Mashapo Yasiyoyeyuka

Nilipopokea funguo za maabara, mwalimu aliyenitangulia alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake. Alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, amefundisha kemia na biolojia pale kwa miaka minne, na wiki hiyo gari la polisi lilikuwa limekanyaga bomu kwenye barabara ya kuelekea mpakani. Walimu wote waliotoka mikoa mingine walikuwa wakiondoka. Alinipeleka kwenye stoo nyuma ya maabara, akanionyesha rafu tatu za chupa zenye lebo zilizofifia, akasema, "Nyingi ya hizi zimekufa. Zilizo hai utazijua mwenyewe." Kisha akaenda kungoja basi la Garissa. Sikumwona tena.

Shule yenyewe sitaitaja. Ni ya wasichana, ya bweni, kaskazini ya Garissa, safari ya siku nzima ikiwa mvua haijanyesha. Mimi ni mzaliwa wa Garissa mjini. Aabo, baba yangu, alikuwa fundi wa cherehani na hooyo, mama, aliuza mboga kutoka mashamba ya kando ya mto Tana. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu, na nilichokipenda huko kilikuwa kitu nisichoweza kumweleza mtu yeyote nyumbani.

Nilipenda rangi. Katika mwaka wa pili tulifundishwa habari za metali za mpito: chuma, shaba, nikeli, kobalti. Metali hizi zikiwa ndani ya maji hazikai peke yake. Kila chembe ya metali hujikusanyia molekuli nyingine na kukaa katikati yake, na kundi hilo zima, chembe pamoja na walioizunguka, ndilo huitwa ayoni changamano. Ukiwabadilisha wanaoizunguka, rangi inabadilika. Shaba ikizungukwa na maji ina rangi ya samawati nyepesi. Ukiidondoshea amonia kidogo, yanatokea mashapo mazito, kama maziwa yaliyoganda yakatiwa rangi ya mbingu. Ukiendelea kudondosha, mashapo yale yanatoweka mbele ya macho yako na neli nzima ya kioo inajaa buluu iliyokolea ambayo sijawahi kuiona kwenye nguo wala kwenye ua. Amonia imesukuma maji pembeni na kukaa mahali pake. Siku niliyoiona mara ya kwanza nilibaki na neli yangu mkononi hadi fundi wa maabara akaja kuniambia anafunga mlango.

Nilitaka kuendelea na shahada ya pili. Lakini sukari ilikuwa imempofusha aabo jicho moja, na wadogo zangu watatu walikuwa bado shuleni. Barua ya ajira ilipokuja, nilikwenda nilikopelekwa.

Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha kemia kwa chaki peke yake. Nilichora neli ubaoni na kuandika ndani yake "buluu iliyokolea", nao wakanakili maneno hayo kwenye madaftari. Chupa nyingi kweli zilikuwa zimekufa, kama nilivyoambiwa. Chumvi za chuma zilikuwa zimegeuka kahawia, peroksidi ilikuwa maji matupu. Stoo ilikuwa ya mabati juu na ubavuni, na katika miezi ya kiangazi ukiweka kiganja ukutani ilikubidi ukiondoe mara moja.

Nilianza kutafuta kemia mahali ilipokuwepo. Maji ya kisima chetu cha pampu yalikuwa na chuma, na ndiyo sababu chai ya rangi ya jikoni ilikuwa nyeusi kama wino. Wasichana wapya waliikataa, wakidhani masufuria hayakuoshwa. Siku moja nilibeba kikombe cha chai hiyo hadi darasani kwa kidato cha pili. Niliwaeleza kwamba majani ya chai yana kitu kinachokishika chuma cha majini, na wawili hao wakishikana ndipo weusi ule unapotokea. Kisha nikakamulia ndimu. Weusi ukapungua, ukaondoka, chai ikabaki na rangi yake ya kawaida.

Msichana mmoja wa safu ya nyuma aliinua mkono. Alikuwa mwembamba, mrefu, na hadi siku hiyo sikuwa nimemsikia akisema lolote. Alitoka upande wa Griftu, binti wa mfugaji wa ngamia, na Kiswahili chake alikianza shule ya msingi, kikiwa bado kinakwama kwama.

"Mwalimu, ule weusi umeenda wapi?" aliuliza.

"Ndimu imeinyang'anya chai chuma chake," nilimjibu.

Alifikiri. "Kwa hivyo kuna wanaoshika kwa nguvu na wanaoshika kwa ulegevu."

"Ndiyo."

"Na mwenye nguvu akija, yule mlegevu anatoka."

"Anatoka."

"Kama kwenye aqal yetu," alisema. Aqal ni nyumba ya fito na mikeka ambayo wafugaji huijenga na kuibomoa wanapohama. "Jirani anakaa katikati, lakini mjomba akifika, jirani anasogea mlangoni."

Darasa lilicheka, naye akaketi haraka kwa aibu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa chuo kikuu miaka minne na hakuna mhadhiri aliyenieleza jambo lile kwa uwazi namna hiyo.

Tangu siku hiyo alikuwa akija maabara baada ya swala ya alasiri. Alisafisha neli, akapanga chupa, akauliza maswali ambayo mengine sikuwa na majibu yake. Nilimuuliza siku moja anataka kuwa nani. Alisema anataka kuwa mfamasia. "Kwetu dawa inauzwa na mtu asiyeweza kusoma maandishi ya kwenye chupa. Anajua dawa kwa rangi ya kifuniko. Vifuniko vikibadilishwa kiwandani, yeye anaendelea kuuza tu." Aliyasema hayo bila hasira. Baadaye nilijua kwamba mdogo wake alikuwa amefariki akiwa na umri wa miaka miwili, baada ya kunyweshwa dawa siku tatu. Hakuna aliyeweza kusema ilikuwa dawa gani.

Nikamfundisha kwa bidii kuliko nilivyowahi kumfundisha mtu. Na jambo nililolisisitiza kuliko yote, kwake na kwa wenzake, lilikuwa moja: katika mtihani wa vitendo, andika ulichokiona. Nilichukizwa na ukariri. Shule nyingi zilizokosa kemikali zilikuwa zikiwakaririsha wanafunzi jedwali la majibu, ili mtahiniwa akiona dalili kidogo tu ya samawati aandike mstari mzima alioukariri, hata kama hakuuona. Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye alifundisha hisabati, hakukubaliana nami.

"Mwalimu, hawa watoto hawajawahi kuona chochote," aliniambia katika chumba cha walimu. "Wape majibu, wapite, waende chuoni wakaone huko."

"Wakizoea kuandika wasichokiona," nilisema, "watakwenda kuwa madaktari wa kuandika wasichokiona."

Alitabasamu tu. Niliona nimemshinda.

Mwaka ambao msichana yule alikuwa kidato cha nne, tulipata orodha ya kemikali za mtihani wa taifa mapema, kama kawaida. Amonia ilikuwemo. Shule iliagiza kila kitu kutoka kwa muuzaji wa Nairobi, na mzigo ukapakiwa kwenye lori. Kisha mvua zikaja. Tulikuwa tumeziomba mvua hizo kwa misimu mitatu. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa bado kando ya barabara. Zilinyesha usiku na mchana. Barabara ikakatika sehemu nne, na lori letu likakwama kwenye matope pamoja na malori mengine mengi, vijana wakilinda mizigo kwa fimbo. Dereva alitupigia simu. Alisema anaweza kutoka baada ya wiki mbili, inshallah. Mtihani wa vitendo ulikuwa baada ya siku tano.

Nilikuwa na kila kitu kingine kwa viwango vya kubahatisha. Amonia nilikuwa na chupa moja kubwa, ile niliyoikuta nilipofika, kifuniko chake kimepasuka na kufungwa kwa utepe. Amonia ni gesi iliyoyeyushwa majini, na katika joto haitaki kukaa. Chupa nzima ya amonia kali, ukiifungua, inakupiga usoni na kukutoa machozi, huwezi kuisogelea. Ile niliisogelea. Niliweka pua juu ya mdomo wa chupa na nikavuta pumzi, na nilichokipata ni harufu ya zizi la mbuzi asubuhi.

Niliijaribu hata hivyo. Siku moja kabla ya mtihani nilichanganya myeyusho wa amonia kwa maji machache kuliko yanayotakiwa, nikatia matone matatu ya myeyusho wa shaba kwenye neli, nikadondosha amonia. Mashapo yakaja. Nikaendelea, na baada ya muda mrefu kuliko kawaida yakayeyuka na buluu ikatokea. Haikuwa buluu kamili, lakini ilikuwa buluu. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba tuko tayari. Nakumbuka nilisema neno hilo hilo, tayari, na nikarudi nyumbani kwangu nikiwa na wasiwasi ambao niliuita uchovu.

Maabara yetu ilikuwa ndogo, kwa hiyo watahiniwa waligawanywa mikondo miwili kwa namba zao za mtihani. Wa kwanza waliingia asubuhi, wa pili wakafungiwa bwenini hadi saa sita na nusu. Hatukuwa na chupa ndogo za kudondoshea za kutosha, hivyo amonia niliigawa asubuhi kwenye bika, vile vikombe vya kioo vya maabara, zilizo wazi, moja kwa kila meza, ya mikondo yote miwili. Mlangoni walisimama askari wawili wenye bunduki. Msimamizi alikuwa mtu mgeni, mpole, mwenye shati lililoloa jasho mgongoni. Mimi niliruhusiwa kukaa ndani ya stoo, na kati ya stoo na maabara kulikuwa na dirisha dogo la kupitishia vifaa. Nilikuwa nimeonywa kwamba nisimsemeshe mtahiniwa yeyote.

Mkondo wa asubuhi ulikwenda vizuri. Kupitia dirisha niliona neli zikigeuka buluu, moja baada ya nyingine, na nyuso za wasichana waliokuwa wakiiona rangi hiyo kwa mara ya kwanza maishani. Mmoja alisahau kuandika, akakaa akiitazama.

Mvua ilikuwa imepumzika siku hiyo. Jua lilitoka kali, na mabati yakaanza kulia juu yetu. Saa saba mchana mkondo wa pili ulikuwa ndani, na msichana yule alikuwa meza ya tatu kutoka dirishani, akiwa amenipa ubavu. Alifanya kazi kwa utaratibu kama nilivyomfundisha. Alipofika kwenye swali la amonia, alidondosha matone machache, mashapo ya samawati yakaja, akaandika. Akaendelea kudondosha. Akatikisa. Akadondosha tena. Mashapo yalibaki. Aliongeza hadi neli ikakaribia kujaa, na ndani yake lile wingu la samawati likawa linaelea tu, halipungui.

Nikajua. Amonia ilikuwa imekaa wazi tangu asubuhi chini ya mabati yale, na kilichobaki ndani ya bika kilikuwa karibu na maji matupu.

Alimwaga, akaosha neli, akaanza upya. Niliona saa ya ukutani. Alirudia mara tatu. Wenzake wengi walidondosha mara moja, wakatazama neli, wakaandika kwa haraka na kuendelea na swali lililofuata. Yeye aliiinua neli kwenye mwanga, akaishusha, akainama karibu kabisa na bika. Kisha akatazama juu, si kwangu, kwenye ukuta tu, na akaandika mstari mmoja mfupi.

Ningeweza kumwita msimamizi. Alikuwa hatua sita kutoka dirishani. Ningemwambia, amonia imeharibika, tafadhali andika kwenye ripoti. Ripoti ya namna hiyo ilikuwepo, ukurasa mmoja kwa ajili ya mambo kama hayo. Lakini niliwaza askari mlangoni, niliwaza walimu niliosikia wamepandishwa kwenye gari la polisi kwa tuhuma za kuwasaidia watahiniwa, niliwaza matokeo ya shule nzima kufungiwa kwa sababu yangu. Niliwaza na mshahara wangu na jicho la pili la aabo. Mawazo hayo yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Msimamizi alipokuja kwenye dirisha mwishoni akaniuliza, "Mwalimu, kuna tatizo lolote niandike?" nilimwambia, "Hakuna."

Kesho yake asubuhi msichana yule alinikuta karibu na tangi la maji.

"Mwalimu, mashapo yangu hayakuyeyuka," alisema.

"Uliandikaje?"

"Niliandika hayakuyeyuka. Sehemu ya kutaja ayoni niliiacha wazi, kwa sababu hakuna ayoni yenye mashapo ya samawati inayofanya hivyo."

Nilimtazama, kisha nikatazama tangi. "Uliandika ulichokiona," nilimwambia. "Ni vizuri."

Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru, akaenda kusoma kwa ajili ya mtihani wa siku iliyofuata. Wenzake wa mkondo wa pili nilijua baadaye walichoandika. Waliandika mstari waliokuwa wamefundishwa kukariri kwa siri na naibu wa mwalimu mkuu, jioni za Alhamisi, nisipokuwepo.

Matokeo yalipotoka, alikuwa wa kwanza shuleni katika Kiingereza, Dini na Biolojia. Katika kemia alipata chini ya wasichana sita ambao alikuwa akiwafundisha mwenyewe chini ya mti wa mgunga mwishoni mwa juma. Kozi ya famasia ilimkosa. Siwezi kuapa kwamba ilimkosa kwa sababu ya neli ile. Karatasi zilikuwa tatu, na muda aliopoteza akirudia ulikula maswali mengine ambayo sijui aliyajibu vipi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hainipi usingizi mzuri hadi leo: sitajua kamwe. Kama ningekuwa nimesema, angalau ningejua.

Nilikaa na jambo hilo Januari yote. Mwanzoni mwa Februari nilipanda lori la mifugo hadi Griftu, na kutoka hapo pikipiki hadi mahali familia yao ilipokuwa imeweka makazi baada ya mvua. Nchi ilikuwa ya kijani kibichi na ngamia walikuwa wamenona. Baba yake alinipokea kwa heshima kubwa, akachinja mbuzi ingawa nilimsihi asichinje. Tulikaa kivulini, yeye, mama na binti yao, nami nikawaeleza kila kitu kwa Kisomali. Niliwaeleza habari za chupa, kifuniko, joto, bika zilizo wazi. Nilieleza kwamba niliona na nikanyamaza.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Ndevu zake alizipaka hina, na alikuwa akizipapasa polepole.

"Hiyo dawa ilikimbia kwa sababu ya joto?" aliuliza.

"Ndiyo, adeer," nilijibu, nikimwita ami kwa heshima.

"Na joto ni la nani?"

"La Mwenyezi Mungu."

"Basi, mwalimu, ni qadar, amri yake Mungu. Kula nyama."

Mama aliniuliza jambo moja tu. "Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua siku ile ile."

Aliinuka, akajifunga shuka vizuri, akaenda kwa mbuzi wake. Hakurudi hadi nilipoondoka. Msamaha wa baba sikujua niuweke wapi. Mgongo wa mama ukienda ulikuwa ndio jambo pekee la siku ile lililonielea.

Binti alinisindikiza hadi pikipiki ilipokuwa ikingoja. Nilimwambia naomba radhi, na kwamba ningemsaidia kurudia mtihani katika shule nyingine, Garissa, akae kwetu na hooyo.

"Nilijua, mwalimu," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba amonia imeisha. Niliinusa ile bika. Haikuwa na harufu." Alikuwa akitazama njia. "Nilijua pia jibu linalotakiwa. Buluu iliyokolea. Nilikuwa nalijua tangu kidato cha pili."

"Kwa nini hukuliandika?"

"Ulisema tuandike tulichokiona."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuinua mkono akamwambia msimamizi. Ilikuwa haki yake.

Alisimama. "Wale askari walikuwa mlangoni. Nilikuona ukiwa dirishani. Nilifikiri nikisema, watakuchukua."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini alifunga lango la zizi. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amekaa pale na neli mkononi, dakika zake zikipita, akipima kati ya mustakabali wake na usalama wangu, na mimi upande wa pili wa dirisha nilikuwa nikipima hivyo hivyo, na wote wawili tulinichagua mimi.

Hakuja Garissa. Baba yake alisema msichana mkubwa hawezi kurudi darasa lile lile kukaa na watoto. Nadhani neno la mwisho lilikuwa la mama, na simlaumu.

Niliporudi shuleni niliandika barua ndefu kwa wahusika wa mitihani, nikieleza yote na kuomba karatasi za mkondo wa pili zitazamwe upya. Nilimpelekea mwalimu mkuu aiidhinishe. Aliisoma mara mbili ofisini kwake, akavua miwani.

"Wasichana wangapi wa mkondo wa pili waliandika jibu ambalo hawakuliona?" aliniuliza.

"Karibu wote."

"Na wewe unataka watu wa Nairobi waje wajue kwamba dawa haikufanya kazi, halafu wakute karatasi zote zimeandikwa buluu iliyokolea." Aliikunja barua. "Watasema tuliwapa majibu. Watafuta matokeo ya wote. Wale sita waliofaulu kuingia chuoni watazuiwa. Walaal, ndugu yangu, unataka kuwaangusha sita kwa ajili ya mmoja ambaye hatainuka hata hivyo?"

Aliiweka barua mezani, upande wangu, niichukue mwenyewe. Niliichukua. Nimeihifadhi ndani ya kitabu cha chuo kikuu na sijaituma.

Bado nafundisha hapo. Lori lile lilifika mwishowe, na tangu hapo kemikali zinakuja kwa wakati, chupa mpya zenye muhuri. Wasichana wa sasa wanaiona buluu wakiwa kidato cha tatu, wanaitana meza kwa meza waje kutazama. Kabla ya mtihani nawapa jedwali na kuwaambia walijue kichwani, mstari kwa mstari. Naibu wa mwalimu mkuu hajawahi kunikumbusha mabishano yetu. Nafikiri ananionea huruma, na ningependelea anicheke.

Mwaka jana mmoja wa wale sita alinipa namba ya simu ya msichana yule. Ameolewa, yuko Nairobi, mtaa wa Eastleigh, anauza vitambaa kwenye duka la shemeji yake. Nilipiga siku ya Ijumaa mchana. Aliitambua sauti yangu mara moja, akaniuliza habari za aabo, nikamwambia amefariki, akamwombea rehema. Nilimuuliza kama bado anafikiria masomo. Alisema ana mtoto wa miezi minane, na dukani kuna wateja wengi. Nyuma yake nilisikia mtu akiuliza bei ya kitambaa na yeye akimjibu kwa Kiswahili safi kuliko changu.

"Mwalimu, nakusikia vibaya," alisema. "Sauti inakuja na kwenda."

Nikamwambia nami simsikii vizuri, ingawa nilikuwa namsikia. Aliniaga kwa adabu. Namba yake bado ninayo, na sijaipiga tena.